Programu Huria na Funzo la Mwethya

Katika nchi ya Kitui na Makueni mvua ni chache, na mashamba mengi yamelala juu ya miteremko. Hali kama hiyo haishindwi na mtu mmoja. Kwa hiyo Wakamba tangu zamani wana desturi iitwayo mwethya. Mwenye kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kulima shamba, huwaita jirani zake. Nao huja na majembe yao, naye huwaandalia chakula. Zamu ya mwingine ifikapo, yeye pia huitika. Historia ya desturi hii yatufaa leo, kwa maana inajibu swali la zama zetu: chombo kipya huingiaje mikononi mwa watu wasiokijua, kikawa chao kweli?

Chombo ninachokusudia ni programu huria za kompyuta. Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa: mnunuzi aweza kuzitumia, lakini hana ruhusa ya kutazama zilivyotungwa wala kuzigeuza. Katika programu huria kila mtu ana haki nne: kuitumia, kuichunguza, kuwagawia wengine, na kuirekebisha. Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutunga programu za namna hii mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, alitoa kiini cha mfumo uitwao Linux, na watu wa nchi nyingi wakakiendeleza. Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni geni kabisa kwa Ukambani. Udongo wake umekwisha kulifundisha.

Katika miaka ya 1930 mmomonyoko ulikuwa umekula ardhi ya Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa na Makueni ndani yake. Serikali ya kikoloni iliona dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kulalamika. Serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu, lakini Muindi alihamishiwa Lamu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, na hata jina la mwethya likatumika kwa kazi ya amri. Kazi hiyo ilichukiwa. Lakini katika miaka ya 1950 vikundi vilianza kuchagua viongozi vyenyewe, na aina ya tuta iitwayo fanya juu ikaenea. Mkulima huchimba mfereji, akatupa udongo upande wa juu. Mwaka baada ya mwaka mteremko hugeuka ngazi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 amri zilikoma, na matuta mengine yakaachwa kwa muda. Kisha watu wakayarudia kwa hiari yao.

Tuangalie vizuri jambo hili. Fanya juu haikuwa na mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Aliyeiona kwa jirani aliiga, akaipanua au kuipunguza kulingana na shamba lake, akamwonyesha mwingine. Hizo ndizo haki nne za programu huria, zikiandikwa kwa jembe.

Funzo la pili ni chungu. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuchukua kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole na habari za kazi zao, ndani ya kikebe cha chuma kilichovaliwa shingoni. Mwajiri aliandika humo. Mwenye kipande hakuwa na uwezo wa kufuta neno. Basi habari za mtu zaweza kuwa kamba ya kumfunga, zikiwa mikononi mwa mwingine naye hana haki ya kuzikagua. Karatasi ile imekwisha, lakini swali lake limebaki. Mwaka 2023 watu wengi jijini Nairobi walipanga foleni ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, kwa ahadi ya kupata sarafu za kompyuta. Mwezi wa Agosti serikali iliusimamisha. Kenya ilikuwa tayari na Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010, kinacholinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria hulinda vizuri zaidi watu wenye mazoea ya kuuliza.

Programu huria zimekwisha fika vijijini, ingawa wengi hawazijui kwa jina. Mwaka 2011 Kenya ilieneza nchini kote mfumo uitwao DHIS2, ambao mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na ambao huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Muuguzi wa zahanati huandika kila mgonjwa katika daftari. Mwisho wa mwezi hujumlisha hesabu katika fomu, na jumla hizo huingizwa katika kompyuta. Jina la mgonjwa hubaki katika daftari. Kinachosafiri ni hesabu. Kwa upande mwingine, mwaka 2019 Kaunti ya Makueni iliweka mikataba yake kwenye intaneti, ili mwananchi aone nani amepewa kazi ya umma na kwa fedha ngapi. Mali ya umma huwekwa wazi, na siri ya mtu hufichwa. Asiyetofautisha mambo haya mawili hajaelewa uhuru wa chombo.

Je, mwanagenzi asaidiwe namna gani? Kwanza, aulizwe haja yake kabla ya kuhubiriwa. Anayetaka kuandika barua aonyeshwe LibreOffice. Mambo ya Linux yatangoja. Pili, afundishwe kwa lugha anayoielewa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitambua hivyo mwaka 2004 kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili. Tatu, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mafaili yake yanakiliwe kwanza, asije akapoteza kazi ya miaka. Nne, aambiwe kweli: programu huria haimlindi mtu anayemgawia kila rafiki neno lake la siri, na baadhi ya kazi bado zahitaji programu zilizofungwa.

Lililo kubwa ni kwamba mwalimu asimshikie mwanagenzi kazi daima. Amrishaye bila kueleza atachukiwa, kama matuta ya amri yalivyochukiwa. Na atendaye kila kitu mwenyewe huacha nyuma mtu asiyejua. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa Kitui au Makueni aliyejua kuiweka programu huria katika kompyuta ya shule amepata ujuzi mzuri. Siku atakapomkalisha mwenzake mbele ya kompyuta ile, yeye akaweka mikono yake magotini na kungoja, hapo atakuwa ameingia katika mwethya.