Milango Wazi Jumapili: Historia ya Kuonyesha Nyumba Zinazouzwa Marekani

Katika miji mingi ya Marekani, nyumba inayouzwa huachwa wazi kwa saa chache za Jumapili, mara nyingi kati ya saa saba mchana na saa kumi jioni, ili yeyote anayepita aingie kuitazama bila miadi na bila kuulizwa kama ana fedha au hana. Mwenye nyumba huondoka na watoto na mbwa wake baada ya kufungia dawa na vito kabatini. Taa zote huwashwa hata kama jua linawaka. Na dalali, yaani mtu aliyepewa kazi ya kuuza kwa ujira wa asilimia fulani ya bei, husimama karibu na jikoni na daftari la kuandikia majina na namba za simu za wageni. Desturi hii, ambayo hapa itaitwa milango wazi, imezoeleka kiasi kwamba wauzaji wengi huiona kama hatua isiyorukika, ilhali umri wake ni karne moja na ushei tu, na walionufaika nayo hawakuwa watu wale wale nyakati zote.

Mwanzoni mwa karne ya 20 udalali wa nyumba nchini humo uliendeshwa kiholela. Mwenye nyumba aliweza kuwapa habari madalali kadhaa kwa pamoja, na aliyewahi kuleta mnunuzi ndiye aliyelipwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kushinda siku nzima mlangoni mwa nyumba ambayo mwenzake angeweza kuiuza kesho yake. Mwaka 1908 vyama vya madalali vya miji mbalimbali vilikutana Chicago na kuunda chama cha taifa, ambacho tangu 1974 kinaitwa National Association of Realtors, na kadiri taaluma hiyo ilivyojipanga ndivyo ulivyoenea mkataba wa dalali mmoja, ambao humzuia mwenye nyumba kuikabidhi kwa mwingine hadi muda uliokubaliwa uishe. Dalali aliyehakikishiwa ujira wake kwa njia hiyo aliweza kutumia muda na fedha kuinadi nyumba, na ndipo matangazo ya magazeti yalipoanza kuwaalika wasomaji waje kukagua nyumba zilizo wazi, wakati mwingine kwa siku kadhaa mfululizo.

Wengi walioingia katika nyumba hizo hawakuwa wanunuzi, na hilo halikuhesabiwa kuwa hasara. Umeme, bafu la ndani na jiko la gesi vilikuwa bado vigeni kwa familia nyingi, hivyo nyumba mpya ilipaswa kwanza kutamaniwa ndipo inunuliwe. Kampeni ya Better Homes in America, iliyoanzishwa mwaka 1922 na Marie Meloney, mhariri wa jarida la wanawake la The Delineator, kwa kuungwa mkono na Herbert Hoover aliyekuwa Waziri wa Biashara, ilizifungua nyumba za mfano zilizopambwa kwa samani katika miji mingi ili wananchi wajifunze jinsi nyumba ya kisasa inavyopaswa kuwa. Somo la usafi na tangazo la biashara vilitembea pamoja humo, na si rahisi kusema kipi kilitangulia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hapakuwa tena na haja ya kuwashawishi watu. Sheria ya mwaka 1944 iliwawezesha askari waliorejea kupata mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali, na sehemu ya familia zinazoishi katika nyumba zao wenyewe ikapanda kutoka asilimia 43.6 mwaka 1940 hadi 61.9 mwaka 1960. Katika kitongoji cha Levittown, nje ya jiji la New York, kampuni ya Levitt and Sons ilijenga nyumba zaidi ya 17,000 kati ya 1947 na 1951. Ilipozindua nyumba yake ya mfano ya mwaka 1949, iliyouzwa kwa dola 7,990 pamoja na mashine ya kufulia, watu walipanga foleni, baadhi yao kwa siku kadhaa, na mikataba ipatayo 1,400 ikaandikwa kwa siku moja.

Hata hivyo, mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Mikataba ya mwanzo ya Levittown iliwazuia wasio wazungu kuishi humo isipokuwa kama watumishi wa nyumbani, na hata baada ya Mahakama Kuu kuamua mwaka 1948 kwamba masharti ya aina hiyo hayawezi kutekelezwa kupitia mahakama, kampuni iliendelea kukataa kuwauzia Wamarekani weusi. Chama cha taifa cha madalali nacho hakikuwa na mikono safi, kwani kanuni zake za maadili za mwaka 1924 zilimkataza mwanachama kuingiza katika mtaa watu wa rangi au taifa ambao kuwepo kwao kungedhaniwa kushusha thamani ya nyumba. Madalali weusi walilazimika kuunda chama chao wenyewe mwaka 1947, na ni sheria ya makazi ya mwaka 1968 iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika kuuza na kupangisha nyumba. Historia nyingi za kibiashara huiruka sehemu hii, ingawa bila yake mwaliko wa Jumapili unaonekana mwema kuliko ulivyokuwa.

Katika nusu ya pili ya karne milango wazi ilihamia kwa wingi kwenye nyumba zilizokwisha kukaliwa, na hapo ndipo swali la manufaa lilipozidi uzito. Mnunuzi wa miaka ya 1970 hakuwa na njia nyingine rahisi ya kuona ndani ya nyumba, kwa sababu orodha ya nyumba zinazouzwa ilikuwa mikononi mwa madalali na gazeti lilimpa mistari michache tu. Tovuti zilizoanza katikati ya miaka ya 1990, na hasa Zillow iliyozinduliwa mwaka 2006, ziliuvunja ukiritimba huo, na katika tafiti za chama cha taifa cha madalali wanaosema kwamba waliigundua nyumba waliyoinunua kupitia kibao cha tangazo mbele ya nyumba au milango wazi sasa hawafiki hata mmoja kati ya kumi.

Kwa nini basi desturi haikufa? Sababu kubwa ni ile ambayo muuzaji huambiwa mara chache, kwamba wageni wa Jumapili ni mtaji wa dalali. Jirani aliyekuja kuchungulia huenda akauza nyumba yake mwakani, na wanandoa ambao nyumba hii haikuwapendeza watahitaji mtu wa kuwatafutia nyingine, hivyo dalali huweza kuondoka na wateja wapya hata kama nyumba yenyewe haikupata ofa. Kwamba maslahi ya dalali na ya muuzaji si kitu kimoja kulithibitishwa na wanauchumi Steven Levitt (asichanganywe na wajenzi wa Levittown) na Chad Syverson, ambao katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusu mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, waligundua kwamba madalali wanapouza nyumba zao wenyewe huziacha sokoni kwa siku tisa na nusu zaidi, na huziuza kwa bei inayozidi ya nyumba za wateja wao kwa takriban asilimia 3.7. Utafiti huo haukupima milango wazi, lakini unampa muuzaji sababu ya kuuliza kila juhudi inafanywa kwa ajili ya nani.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kuiita desturi hii kiini macho. Nyumba iliyoingia sokoni wiki hiyo hiyo, katika mtaa unaotafutwa na wengi, hunufaika pale wanunuzi wanapokutana ukumbini na kuonana kwa macho, maana anayewaona wenzake wakipima kuta kwa futi hana nafasi ya kusitasita. Nyumba iliyokaa sokoni miezi mitano kwa sababu ya bei, kwa upande mwingine, haipati kwa Jumapili ya sita kile ilichokosa katika tano zilizotangulia.

Mwaka 2020 janga la korona lilifunga milango hiyo kwa amri ya serikali za majimbo kama New York na California, na nyumba zikauzwa kwa video. Vizuizi vilipoondolewa, milango ilifunguliwa tena. Kisha, Machi 2024, chama cha taifa cha madalali kilikubali kulipa dola milioni 418 ili kumaliza kesi zilizohusu ujira wa udalali, na kuanzia tarehe 17 Agosti mwaka huo mnunuzi anayefanya kazi na dalali hutakiwa kutia saini makubaliano ya maandishi naye, yanayotaja ujira wake, kabla ya kupelekwa kuona nyumba. Anayekwenda mwenyewe kwenye milango wazi hatakiwi kutia saini makubaliano hayo. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka kupima soko bila kujifunga kwa mtu amepata sababu mpya ya kuzunguka mitaani Jumapili, na muuzaji anaweza kukutana na wanunuzi ambao hawajawa na dalali, jambo ambalo kwa mara nyingine linamfaa zaidi dalali aliyewafungulia mlango.