Majivu Yasiyo na Mlinzi: Ardhi, Ushahidi na Upelelezi wa Moto Laini Saba

Sheria ya Kenya haimwonei huruma mchomaji. Kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu kinamweka katika hatari ya kifungo cha maisha yeyote anayetia moto, kwa makusudi na kinyume cha sheria, jengo au kijengo chochote, kiwe kimekamilika au hakijakamilika. Aliyejaribu tu bila kufaulu anaweza kufungwa miaka 14 chini ya kifungu cha 333. Kifungu hicho cha 332 hakiulizi iwapo aliyeunguliwa ana hatimiliki. Mbele yake, chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi katika wadi ya Laini Saba, Kibera, kina kinga ileile ya jumba la mawe la Karen. Hivyo wanaodai adhabu kali zaidi kila Kibera inapoungua wanatibu kiungo kizima. Hoja yangu ni kwamba kesi za uchomaji katika mitaa ya mabanda hufa ndani ya saa chache za mwanzo, kabla hata ya faili kufunguliwa, na kinachoziua ni suala la ardhi.

Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni, na sehemu kubwa ya ardhi yake imebaki mikononi mwa serikali. Mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Waliobaki, yaani walio wengi, hawana hati. Mwenye nyumba anategemea idhini ya chifu na kumbukumbu ya majirani, naye mpangaji anategemea neno la mwenye nyumba. Mahali ambapo hakuna karatasi, kuwepo ndiko hati. Anayeondoka kwenye kiwanja chake usiku mmoja anaweza kurudi asubuhi akute nguzo za mwingine.

Hofu hiyo ina historia. Mwishoni mwa 2001 mzozo wa kodi za nyumba uligeuka mapigano ya kuua watu Kibera. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi liliteketezwa, wenye nyumba wengi wakafukuzwa na vyumba vyao vikatwaliwa na wengine. Julai 2018 matingatinga yalibomoa maelfu ya makazi ili barabara ipite. Mtu aliyeyapitia hayo hawezi kungoja mpelelezi. Anachimbia nguzo majivu yakiwa bado moto, na sioni haki ya kumlaumu.

Lakini majivu hayo ndiyo ushahidi. Uharibifu huanza katika kuzima moto wenyewe: gari la zimamoto haliingii kwenye vichochoro, kwa hiyo vijana hubomoa vyumba ambavyo bado havijashika ili moto ukose njia. Kazi hiyo huokoa maisha, na papo hapo huvuruga ramani ya mahali moto ulipoanzia. Kisha hufuata mabati na nyaya za shaba. Waya ulioyeyuka unaweza kumsaidia mtaalamu kufuatilia mwendo wa moto katika mtaa wa umeme wa sambaza, yaani ule unaounganishwa kinyemela, lakini shaba ina bei kwa wanunuzi wa skrepa, nayo huondoka mapema. Mabati yaliyopinda hunyooshwa yakaezekwa tena jioni hiyohiyo.

Hata pale sampuli zinapookolewa, kemia ina masharti yake. Mvuke wa mafuta ya taa au petroli hutoroka ukiwekwa kwenye mfuko wa kawaida wa plastiki. Vinatakiwa vyombo visivyopitisha hewa, kama makopo safi ya chuma. Tena mabaki ya mafuta ya taa peke yake hayathibitishi lolote katika nyumba inayopikia jiko la stovu na kuwasha koroboi. Yanakuwa na maana iwapo mpelelezi amechukua pia sampuli za kulinganisha kutoka sehemu nyingine za sakafu na vyumba jirani, akajua jiko lilisimama wapi, akamuuliza mpangaji mafuta yalihifadhiwa ndani ya nini. Maabara ya Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) iliyozinduliwa mwaka 2022 kwenye barabara ya Kiambu haiwezi kuzaa maarifa hayo kutokana na udongo uliozolewa siku ya tatu.

Katiba nayo imeacha mwanya. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya zimamoto, huku polisi wakibaki chini ya serikali ya kitaifa. Aliyeona rangi ya moshi na upande miali ilikotokea ni afisa wa kaunti. Anayepaswa kuandaa mashtaka ni mpelelezi wa DCI. Wa kwanza hana amri juu ya eneo la tukio, wa pili kwa kawaida hufika moto umekwisha. Mwathiriwa, kwa upande wake, huenda kituoni kutafuta abstrakti ili apate kitambulisho kipya. Kinachoandikwa kwenye kitabu cha matukio cha polisi (OB) mara nyingi basi ni upotevu wa hati, na moto wenyewe hutajwa kama mazingira tu. Mtu akifa, kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinampa hakimu uwezo wa kuchunguza kifo hadharani. Asipokufa mtu, hata safu mia za nyumba zikiteketea, hakuna hakimu anayewajibika kuuliza chanzo. Naliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko yote katika sheria yetu.

Mahakamani, faili dhaifu hukutana na viwango ambavyo havipaswi kulegezwa. Mwaka 1949, katika kesi ya Kipkering arap Koske, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba ushahidi wa kimazingira unatosha pale tu usipopatana na kutokuwa na hatia kwa mshtakiwa, na usipoelezeka kwa njia nyingine yoyote ya maana. Katika mtaa wa nyaya za sambaza na majiko ya makaa, maelezo mengine yapo daima. Mwendesha mashtaka asiyeyaondoa moja moja hana kesi. Uamuzi wa Abdalla bin Wendo wa 1953 nao unataka tahadhari kuu kwa utambuzi wa shahidi mmoja katika hali ngumu. Usiku, moshi na mkanyagano ni hali ngumu.

Gharama ya kupuuza hayo ilionekana Kiambaa, karibu na Eldoret, ambako Januari 1, 2008 kanisa lilichomwa likiwa na wakimbizi ndani, wengi wao wanawake na watoto. Aprili 2009, mjini Nakuru, Jaji David Maraga aliwaachilia washtakiwa wote wanne, akaukosoa vikali upelelezi wa polisi. Jaji alifanya kazi yake. Waliofiwa ndio waliobaki bila jibu.

Mfano wa kinyume uko mlangoni mwa Kibera penyewe. Septemba 2, 2017 bweni la shule ya wasichana ya Moi Nairobi liliungua, wanafunzi 10 wakafa. Mwanafunzi mmoja alishtakiwa kwa mauaji. Zaidi ya miaka 4 baadaye Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 5. Mtu anaweza kubishana juu ya adhabu kwa aliyekuwa mtoto wakati wa tukio. Kwangu la kuzingatia ni kwamba shule ina ukuta, lango, na rejista inayoonyesha nani alilala wapi, tena hakuna aliyelazimika kujenga upya usiku ule ili asipoteze kitanda chake. Mashahidi walipatikana kwa majina. Ng'ambo ya ukuta, Laini Saba haina hata kimoja kati ya hivyo.

Sipendekezi sayansi kana kwamba haikosei. Huko Texas, Cameron Todd Willingham alitekelezewa adhabu ya kifo kwa sindano mwaka 2004 kwa moto wa 1991 ulioua binti zake watatu, kwa kutegemea alama za sakafuni na vioo vilivyopasuka ambavyo wataalamu wa baadaye walisema havikuthibitisha uchomaji. Chumba kidogo kikishika moto chote kwa mpigo, alama za namna hiyo hujitokeza zenyewe. Vyumba vyetu vya mabati ni vidogo zaidi, na hatari ya kumfunga asiye na hatia ni kubwa vilevile.

Ninachopendekeza ni kuilinda nafasi ya mtu ili majivu yalindwe. Chifu na wazee wa mtaa waandike, kabla ya moto, nani anakaa kiwanja kipi, mwenye nyumba na mpangaji pamoja. Na kanuni itamke kwamba anayesogea kwa saa 48 kupisha uchunguzi hapotezi kitu. Ndani ya saa hizo afisa wa zimamoto na mpelelezi waandike ripoti moja ya chanzo, hata kama hakuna aliyekufa, nakala ipelekwe kwa hakimu wa Kibera. Wapo watakaosema rejista hiyo itakuwa silaha ya machifu au itawatambua walalahoi kama wamiliki wa ardhi ya serikali. La kwanza ni hatari ya kweli, na dawa yake ni kubandika orodha hadharani na kumruhusu yeyote kuipinga kabla haijatumika. La pili silioni kuwa pingamizi. Kanuni ya Adhabu ilishakitambua kijengo chao ilipotumia neno chochote, na kinachodaiwa sasa ni polisi na utawala kukitambua pia.