Kitu tunamwanga pamoja na maji ya sabuni

Bandugu, wakati wa staji yangu nilipita ku savoneri moja ndogo. Walikuwa wanapika mafuta ya ngazi na soda kostiki, kisha wanatia chumvi. Sabuni inapanda juu, maji mazito yanabaki chini, na ile maji wanaimwanga mu mutaro. Mimi na diplome yangu ya agronomia nilisimama pale, nikaangalia tu. Nyuma ndiyo nilielewa kama mu ile maji mulikuwa gliserini.

Historia yake ni ndefu. Mu 1779 Scheele, mufamasia wa Uswidi, alipasha moto mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, akapata kitu kizito, kitamu kama asali. Mu 1847 Sobrero, ku Turin, alikichanganya na asidi kali, ikatoka nitrogliserini. Mu 1867 Nobel akapata hati ya dinamiti. Kutoka pale, mabaki ya sabuni yakakuwa mali ya vita: mu vita ya 1914-1918, viwanda vya sabuni vya Uingereza vilitoa gliserini ya kutengeneza baruti.

Na mafuta yalitoka wapi? Sehemu yake, kwetu. Mu 1911 Ubelgiji ilimupa William Lever mapori makubwa ya ngazi mu Kongo. Ndiyo ilizaliwa Huileries du Congo Belge, na muji wa Leverville, wenye leo tunaita Lusanga. Watu walilazimishwa kukata ngazi, na ile hasira ilikuwa moja ya sababu za uasi wa Wapende mu 1931. Mafuta yalipanda mashua, faida ya sabuni na ya gliserini ikabaki kwa wenye viwanda.

Kisha mambo yakageuka. Toka miaka ya 1940, Wamarekani walikuwa wanatengeneza gliserini kutoka petroli. Lakini kuanzia miaka ya 2000 Ulaya ilianza kutengeneza biodizeli mingi, na kila kilo 10 ya biodizeli inaacha karibu kilo 1 ya gliserini. Soko ikajaa, bei ikaanguka. Mu 2006 Dow ilifunga kiwanda chake cha gliserini ku Texas. Wataalamu wa kemia wakageuza swali: kama zamani tulitoa gliserini mu petroli, tunaweza sasa kutoa mu gliserini vitu vyenye tunanunua ku petroli?

Hapa ndipo zeoliti inaingia. Ni jiwe la silisi, aluminiamu na oksijeni, lenye matundu madogo sana. Mu zeoliti inayoitwa ZSM-5, tundu moja liko karibu nanomita 0.55. Mule ndani, penye kuko aluminiamu, kuko asidi. Molekuli ya gliserini inaingia, inapoteza maji mara mbili, inatoka akroleini. Na akroleini, sisi watu wa kilimo tunaijua bila kujua: methionini yenye wanatia mu chakula cha kuku inatengenezwa kutokea kwake.

Shida ni kwamba njia ni nyembamba. Makaa yanajikusanya mule mule, matundu yanaziba, kazi inasimama. Juu ya ile, watafiti wanafungua barabara kubwa zaidi ndani ya jiwe, za nanomita 2 mpaka 50. Moja ya njia ni kuosha zeoliti na soda kostiki, ili itoe silisi kidogo. Ndiyo ile soda tunapika nayo sabuni.

Sisemi kesho tujenge kiwanda cha akroleini; mvuke yake ni sumu kali. Tena gliserini ya savoneri iko na chumvi, na sodiamu inakalia nafasi ya asidi mu zeoliti, inaiua. Lazima kwanza kuisafisha. Lakini hata kuisafisha hatujaanza, juu hatujapima.

Kwa hiyo wadogo wangu wenye kutafuta sujet ya mémoire: chukua bidoni, nenda ku savoneri ya kwenu, omba ile maji ya chini, upime muko gliserini ngapi na chumvi ngapi. Wazee wetu walikata ngazi bila kuambiwa kila kitu chenye kilitoka mule. Sisi tulisoma. Hatuna tena sababu ya kuangalia tu mutaro.