Msimu kwa Msimu: Hesabu za Kahawa ya Mkuu

Karani wa kahawa hapa Mkuu, Rombo, alikuwa mtu wa mizani mchana na wa daftari jioni. Nimeifanya kazi hiyo. Sasa nayaingiza madaftari yale kwenye kompyuta mstari kwa mstari: mkulima, tarehe, kilo za kahawa ya maganda, malipo ya awali. Malipo ya pili yaliandikwa baadaye, kahawa ikishauzwa.

Wakulima wa Mlima Kilimanjaro wamekuwa na chama chao tangu 1925, enzi za kiongozi wake Joseph Merinyo, kisha chama kikuu cha ushirika, KNCU, kuanzia 1933. Kwenye mikutano mikuu niliyoikuta mimi, swali lilikuwa moja: tumepanda au tumeshuka?

Lahajedwali hulijibu upesi. Unapanga vyama vya msingi kwenda chini, misimu kwenda kulia, jumla ya kilo katikati, kisha unaiagiza programu ionyeshe tofauti ya asilimia na msimu uliotangulia. Msimu wa kwanza hubaki mtupu, maana hauna wa kulinganishwa nao.

Ila programu huijua kalenda, haiijui kahawa. Sisi huanza kuvuna katikati ya mwaka, na magunia ya mwisho huweza kupimwa Januari. Ukiiachia ipange tarehe kwa mwaka, msimu wa 1976/77 unakatwa vipande viwili. Kwa hiyo kila mstari nimeuandikia msimu wake kwa mkono.

Pagumu zaidi ni hapo hapo 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika na kahawa ikaanza kukusanywa kupitia vijiji, kwa niaba ya Mamlaka ya Kahawa. KNCU ilirudi 1984. Kwenye jedwali, chama cha msingi kinashuka asilimia 100 na kijiji kinachipuka kutoka sifuri, wakati mibuni ni ile ile, wachumaji ni wale wale. Nimeweka safu ya tarafa, iliyo juu ya chama na kijiji, na asilimia nazisoma hapo tu.

Hata hapo, msimu mmoja hautoshi. Mbuni ukizaa sana mwaka huu, mwaka ujao hupumzika. Tuseme kilo 40,000 zimekuwa 60,000: ongezeko la asilimia 50. Zikirudi 40,000, upungufu ni asilimia 33.3. Mzee akitoa 33 kwenye 50 ataona bado kuna faida ya 17, kumbe ghala limerudi pale pale. Ndiyo maana mimi hujumlisha misimu miwili miwili kwanza, ndipo nalinganisha.

Shilingi nazipa jedwali lake. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil Julai 1975 ilipandisha bei duniani, na bei ikipanda hivyo, asilimia ya fedha inaweza kuruka bila shamba la kihamba kuongeza hata debe moja.