Kingi wa Mbali

Ipo ramani ambayo ndani yake Tunduma ina mfalme. Imechorwa na chama kilichoanza Berkeley, California, mwaka 1966, cha watu wanaoigiza maisha ya Ulaya ya karne za kati: mavazi yao, karamu zao, mapigano yao. Chama hicho, Society for Creative Anachronism, kimeigawa dunia katika falme. Ufalme wa Drachenwald umepewa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Kwa hesabu hiyo, dereva anayesubiri foleni ya malori pale mpakani anatawaliwa na mtu aliyepata taji kwa kushinda pambano la panga za henzerani.

Tucheke kwanza, maana inachekesha. Kisha tuangalie kilichomo ndani ya mchezo. Drachenwald yenyewe ilikuwa jimbo dogo chini ya Ufalme wa Mashariki ulioko Marekani, na ilijitegemea mwaka 1993. Katika chama hicho kikundi cha mbali hupanda ngazi kwa ngazi. Kikishapata watu wa kutosha hupeleka pendekezo, wanachama huulizwa maoni, wakubwa huamua. Taji ni la kuigiza. Lakini haki ya kumvika taji mtu wenu, na kumpa cheo jirani ambaye kazi yake mmeiona wenyewe, hiyo haiigizwi.

Huku kwetu tuliujua mchezo huu kabla ya Berkeley. Mwishoni mwa karne ya 19, Mombasa, vijana walianza ngoma ya beni, jina lililotokana na bendi za Wazungu. Walipiga ngoma na tarumbeta, wakapanga gwaride, wakapeana vyeo: Kingi, Jenerali, Kanali, Dokta. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Ngoma ikashuka pwani ya Tanganyika na kuingia bara, ikiwa imegawanyika katika vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliibeba mbali zaidi, kwa kuwa askari na wapagazi wa pande zote mbili waliicheza. Njia moja ya vita hivyo ilipita hapa. Mapema Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilishambulia Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa jirani na Tunduma ya leo, kisha likaelekea Kasama. Tarehe 25 Novemba liliweka silaha chini Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala. Mpaka uliovukwa ulikuwa umechorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890, bila kumuuliza Mnyiha wala Mnyamwanga. Amani iliporudi, vijana wa nyanda hizi waliuvuka tena kwenda migodi ya shaba.

Kule migodini beni iliitwa Mbeni. Thamani yake haikuwa vyeo peke yake. Mtu aliyehama mji alipokelewa na wanachama wenzake, akiugua akaangaliwa, akifa akazikwa. Haikuulizwa kwanza ametoka kwa chifu gani. Serikali za kikoloni ziliutazama mtandao huo kwa wasiwasi. Baada ya mgomo wa wachimbaji wa mwaka 1935, ambapo watu 6 waliuawa kwa risasi Luanshya, tume ya uchunguzi ilichunguza pia nafasi ya Mbeni.

Hapo ndipo swali la ukubwa na umbali linapokuja. Ngoma iliyoenea hivyo haiwezi kusubiri Kingi wa mbali aamue kila jambo. Kandokando ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, beni ilizaa malipenga, na kila kikundi cha malipenga huitwa boma: kijiji kina maofisa wake, kinaalika na kualikwa. Luanshya ikachezwa kalela, aliyoiandika Clyde Mitchell mwaka 1956: kikundi cha Wabisa chenye kingi, daktari na nesi, kikisifu kwao na kutania makabila mengine. Cheo kilikuwa kimefika mlangoni.

Kilichopatikana ni kikubwa. Kijana asiyeweza kuwa hata karani wa bwana shauri alipata ofisi, na waliompa ni watu wanaomjua. Lakini duara nalo lilipungua. Kingi wa kalela alikuwa wa Wabisa. Mgeni wa Mbozi angetazama ngoma akiwa pembeni.

Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya, ukiwa na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Hoja ya kuugawa mkoa inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kulala njiani akifuata saini: ofisi iwe karibu. Makao makuu yakawekwa Vwawa, na Tunduma, yenye soko na mpaka, ikabaki ikitazama barabarani. Kila ukata mkoa, kuna mji unaobaki mbali kidogo na kiti.

Mimi niko upande wa wanaotaka kiti kije karibu. Ninachowaombea ni kwamba wakishakipata wakumbuke kazi ile nyingine ya beni, ya kumpokea mtu asiye wa kwao. Tunduma hulala na wageni kila usiku: madereva, wachuuzi, vijana waliokwama kwa kukosa karatasi. Mmoja wao akiugua leo, nani atakayemwangalia, na akifa, nani atakayemzika?