Kutoka santuri za Bombay hadi simu ya mkononi: Nani anakula jasho la mwanamuziki?

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, alivuka bahari na wapigaji wake kwenda Bombay, India. Huko walirekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, zikatoka katika santuri zenye chapa ya His Master's Voice. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Sauti na umahiri vilikuwa vya Siti na wenzake, lakini mitambo, kiwanda na soko vilikuwa vya kampuni.

Tangu hapo mitambo imebadilika mara nyingi, na kila ilipobadilika mwanamuziki aliahidiwa unafuu. Ukiifuatilia historia hiyo hatua kwa hatua, utaona kuwa kipaji pekee hakijawahi kuamua nani anafaidika. Aliyefaidika ni yule aliyeishika njia inayoufikisha wimbo kwa msikilizaji.

Bendi za mwajiri

Muziki wa dansi ulianza katika klabu za mijini. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na baada yake zikaja Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na nyingine nyingi. Baada ya uhuru, taasisi za umma nazo zikaingia. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz. Jeshi, Polisi, Magereza na Umoja wa Vijana nao wakawa na bendi zao. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Hiyo ndiyo bendi inayoitwa Sikinde.

Mfumo huo ulikuwa na heri zake. Mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi, alifanya mazoezi kwa ratiba na alipiga vyombo ambavyo asingeweza kuvinunua. Nyimbo zilizotoka enzi zile bado zinapigwa kwenye harusi na redioni. Lakini magitaa, ngoma na spika vilikuwa mali ya mwajiri, na hata jina la bendi lilifuata jina la mwenye bendi: NUTA Jazz ikawa JUWATA, baadaye OTTU, kabla ya kubaki Msondo Ngoma. Mpiga solo akihama, aliliacha gitaa ukutani na nyimbo alizotunga akaziacha kwenye bendi.

Njia ya kusikika ilikuwa Redio Tanzania. Bendi iliingia studio, ikapiga wimbo wote kwa pamoja, na ukipita kwa wakaguzi wa maneno ulirushwa nchi nzima. Jina la mwimbaji lilijulikana kutoka Mtwara hadi Bukoba, ila umaarufu huo haukuwa fedha. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa, safari hiyo nayo ikawa ngumu.

Mbaraka Mwinshehe alikuwa miongoni mwa wachache waliojaribu kusimama wenyewe. Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz, bendi aliyoipatia sifa kubwa, akaunda Super Volcano na kurekodi Nairobi. Alionyesha kuwa mwanamuziki anaweza kuongoza kazi yake mwenyewe. Ajali ya gari mjini Mombasa ilimuua Januari 1979, na njia aliyoifungua haikupata wa kuipanua kwa muda mrefu.

Kanda na wasambazaji

Miaka ya 1980 kaseti ikaenea. Mteja alifika kwenye duka la kurekodi na orodha ya nyimbo kwenye karatasi, akalipia kanda tupu na kazi ya kunakili, kesho yake akaichukua. Mwenye duka alipata riziki, mteja alipata burudani, mtunzi hakupata kitu. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1966, lakini hakukuwa na chombo cha kuisimamia. Ilibidi kusubiri Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta chombo hicho, COSOTA.

Wakati huo redio binafsi, ikiwemo Radio One iliyoanza mwaka 1994, zilikuwa zimefungua milango kwa vijana wa rap na Bongo Flava. Hawa hawakuwa na mwajiri. Walilipia studio kwa fedha zao, kisha wakaibeba masta hadi kwa msambazaji Kariakoo. Yeye ndiye aliyechapa kanda, akabandika kava na kujua zimeuzwa ngapi. Msanii alipokea alichopewa, kwa kuwa hesabu hakuiona. Uhuru wa kutunga ulikuwa umepatikana, lakini mauzo yalikuwa bado mikononi mwa mwingine.

Gari la Gurumo

Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alikuwepo NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964, akawa mwanzilishi wa Mlimani Park, na mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound kabla ya kurejea Msondo. Aliimba kwa zaidi ya nusu karne. Alipostaafu mwaka 2013, akiwa hana gari, Diamond Platnumz, kijana aliyekuwa na miaka michache tu katika muziki, alimzawadia gari. Gurumo alifariki mwaka uliofuata.

Lilikuwa tendo jema, na linastahili kukumbukwa. Lakini linauma. Mtu aliyeipa nchi muziki wake hakupaswa kusubiri hisani ya mwenzake. Gurumo hakuzidiwa kipaji. Alifanya kazi katika mfumo uliolipa jasho la mwezi na kuusahau wimbo.

Njia mpya, walinzi wapya

Leo kijana anaweza kupakia wimbo na kava kwa kampuni ya usambazaji wa kidijitali. Wimbo unapewa ISRC, msimbo wa kuutambulisha wenye herufi na tarakimu 12, na baada ya siku chache unasikika Boomplay, Spotify na YouTube. Prodyuza wa singeli wa Sisso Studio, Mburahati jijini Dar es Salaam, walivuka mpaka bila lebo kubwa: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa kazi zao, zikafika hadi Ulaya.

Hata hivyo, njia hii nayo ina wenyewe. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Lebo za wasanii wenyewe nazo zina mikataba yake. Harmonize aliondoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 na Rayvanny mwaka 2022, wote wakiwa na lebo zao. Harmonize amesema hadharani kuwa kujitoa kulimgharimu mamia ya mamilioni ya shilingi.

Kwa hiyo, kijana unayeingia studio wiki hii, andika kabla ya kurekodi nani ametunga maneno, nani ametengeneza biti na kila mmoja anapata asilimia ngapi. Wote watie saini. Sajili wimbo wako Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Mkataba usiouelewa usiutie saini hata ukiwekewa fedha mezani. Mpelekee mwanasheria kwanza. Wengi waliokutangulia hawakupewa nafasi ya kuchagua. Wewe unayo, itumie.