Kutoka Cincinnati hadi Malili: historia fupi ya atachimenti

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, baada ya kilomita 60 hivi unafika Malili, kaunti ya Makueni. Hapo ndipo serikali ya Kenya iliponunua ekari 5,000 za ranchi mwaka 2009 ili ijenge mji wa teknolojia wa Konza. Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wake Januari 2013. Mengi yameandikwa juu ya majengo na seva. Mimi leo namwandikia mwanafunzi anayetafuta atachimenti, maana historia yake ni ndefu kuliko ya mji huo.

Tuanzie mbali. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mhandisi Herman Schneider alishikilia kwamba kuna mambo ya uhandisi yasiyofundishika darasani. Akaanza na wanafunzi 27, makundi mawili: wiki hii moja liko kiwandani na jingine darasani, wiki ijayo wanabadilishana. Hivyo kiwanda hakikukosa mtu. Tena wanafunzi walilipwa ujira. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Namwelewa Schneider. Chuoni nilifundishwa kuandika programu mpya, kuanzia ukurasa mtupu. Kazini siku nyingi nasoma programu iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, na nyaraka hakuna. Somo hilo halina mtihani.

Huku kwetu, Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilitungwa mwaka 1959, kabla ya uhuru, ikasimamia wanagenzi wa ufundi. Marekebisho ya mwaka 2011 yakaleta mamlaka iitwayo NITA, na waajiri huchangia shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Yaani kwamba mwajiri naye agharimie mafunzo si wazo geni Kenya.

Lakini atachimenti ya chuo kikuu imekwenda njia nyingine. Mara nyingi ni miezi mitatu hivi bila malipo. Nauli, kodi ya chumba na chakula cha mchana ni juu ya mzazi. Katikati ya miaka ya 2010 serikali ilianzisha mpango wa vipaji vya dijitali, ambao vijana hupata mafunzo ya mwaka mmoja pamoja na posho. Ni jambo jema, ila ni la waliokwisha kuhitimu.

Sasa turudi Malili. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, makao yake ni Konza. Hapo hapo inajengwa taasisi ya sayansi na teknolojia kwa mkopo kutoka Korea Kusini. Darasa na ofisi vinawekwa katika uwanja mmoja, kitu ambacho Schneider angekifurahia.

Lakini ujirani haulipi kodi ya nyumba. Mwanafunzi wa chuo kikuu kilichoko Kwa Vonza, Kitui, yuko kaunti jirani tu, na bado bila pesa hawezi kukaa Malili miezi mitatu. Nafasi itachukuliwa na mwenye shangazi karibu, si lazima mwenye uwezo zaidi.

Kwa hiyo kampuni ikifungua ofisi pale, mimi nitauliza maswali mawili: nani ataketi na mwanafunzi amwonyeshe kazi, na nani atamlipa? Hilo la pili lilijibiwa mwaka 1906.